Wimbo wa Jelle Kwenye Kiwanja cha Gofu

Marehemu aliimba mezani kwangu asubuhi kweupe, chai ikichemka, na mjane wake amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa.

Msicheke. Nilikuwepo.

Ilikuwa Garissa, mwaka tisini na sita, ukame umetutoa ulimi. Kibanda changu cha chai kilikuwa kando ya kiwanja cha gofu. Gofu ya kwetu, jamani: mchanga mtupu, na watazamaji ni mbuzi.

Mchezaji wa kujishaua alikuwa Siyad, mfanyabiashara wa mifugo. Pesa anazo, pigo hana. Anaharakisha fimbo, anakata hewa.

"Waryaa Siyad, unapiga mpira au unafukuza nzi?" wateja wangu walimchokoza.

Kisha akaenda Diff, kule mpakani, kununua ngamia. Akarudi na wokmani masikioni na pigo jipya. Fimbo inapanda taratibu, inatulia kidogo, inashuka. Paa! Mpira huuoni tena.

"Ni wimbo wa kunywesha ngamia," aliniambia. "Aliye kisimani anaimba ndoo ikipanda, walio juu wanaitikia ikimwagwa. Nainua fimbo na mwimbaji, napiga na waitikiaji. Sikosei."

Mwimbaji ni nani, hakusema. Ila kidole gumba hakikutoka kwenye kitufe: kanda ikisogea kidogo tu, anairudisha mwanzo. Tulidhani ni mazoea.

Safari hiyo hiyo ndiyo aliyorudi na habari ya msiba. Jelle wa hapa mtaani, aliyekwenda Diff kutafuta kibarua cha kuchota maji, kisima kilikuwa kimemfukia.

"Alionywa, akakaidi, akashuka," Siyad alisema. Wachungaji wake wakaitikia kwa kichwa.

Watu wakasema ni qadar, majaliwa ya Mungu. Halafu, chai ya pili, wakaongeza: alijitakia.

Neno hilo lilimwandama mkewe, Kaaha, mimba tumboni. Alikuwa akiniletea maziwa.

"Abaayo, dada yangu," aliniuliza siku moja, "mtoto akitaka kujua baba yake alikufaje, nimwambie alikuwa mjinga?"

Nilimmiminia chai. Nilimwongezea sukari.

Siku ya mashindano wakaja wageni kutoka Nairobi. Siyad akajigamba na wimbo wake, wageni wakabisha. Akachomoa kanda, akaitia kwenye redio kaseti yangu, sauti juu kabisa, akatoka kiwanjani kuwaonyesha.

Kaaha akaingia na maziwa yake. Kibuyu kikamponyoka.

"Huyo ni Jelle," akasema, polepole, kama anatutambulisha mgeni.

Kule Siyad akapiga. Wageni wakamzunguka, wanampa mikono. Mbali na redio. Mbali na kitufe.

Wimbo ukakatika. Jelle akasema: "Siyad, ukuta unamwaga mchanga. Nitupieni kamba."

Na sauti nyingine, karibu kabisa na kinasa sauti: "Maliza ubeti kwanza. Umeniharibia kanda."

Jelle akaanza upya.

Ubeti haukufika nusu. Ukaja mngurumo, wanaume wakaita jina lake, kisha kanda ikabaki inazunguka bure.

Siyad alifika mbio, fimbo mkononi. Kibanda kimejaa, hakuna anayekunywa.

"Hiyo sauti si yangu," akasema.

"Hebu sema tena," Kaaha akamwambia, "tulinganishe."

Siyad akageuka, akatoka.

Wazee waliketi, diya, fidia ya damu, ikatoka, Siyad akahama mji. Mnauliza mbona hakuifuta ile kanda? Wachungaji wake walikuja kutuambia: alijaribu waimbaji wengine, pigo likakataa.

Kaaha alimzaa Iftin. Binti amekua akimsikiliza baba yake akiimba. Lakini wimbo ukikaribia yale maneno ya ukuta, kidole gumba cha mama yake kinakuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Mbona unazima hapo, hooyo?"

"Hapo baba anapumzika."

Nami tangu siku ile, mtu akiketi kwangu akasema marehemu fulani alijitakia, namuuliza kabla sijammiminia chai: kanda umeisikiliza mpaka mwisho?