Shemasi na Vijiwe vya Sikioni

Muzee Hategekimana wa Ndosho, mtaa wetu ulio chini ya volkano, hajawahi kuonja kasiksi. Ni shemasi, na mahubiri yake dhidi ya pombe hiyo ya ndizi tumeyasikia mpaka tumechoka. Kwa hiyo alipoanza kupepesuka njiani, amelikumbatia chukudu lake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, badala ya kulisukuma, sisi majirani tulicheka bila huruma. Jamani, tulicheka!

Yeye hakucheka. Harusi ya Uwitonze, binti yake wa pekee, ilikuwa imekaribia, naye alipaswa kumshika mkono kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kanisa zima likitazama. Shemasi aanguke pale? Afadhali volkano ilipuke.

Daktari alisema ni vijiwe vya sikioni vimehama. Uwitonze, anayefundisha biolojia, akamweleza baba yake.

"Papa, mu masikio ya kila mutu iko mawe kidogo sana. Ndiyo inakuonesha juu na chini."

"Mawe? Volkano imetufuata mpaka mu masikio?"

"Hapana, papa. Hata samaki iko nayo. Walishapeleka samaki kule juu angani, kwenye kitu haiko na uzito. Mawe haikulemea tena, samaki zikazunguka-zunguka, hazijue tumbo wala mugongo."

"Maskini! Na kule hakuna kasiksi."

"Lakini zingine zilishika mwangaza. Zikageuzia taa mugongo, zikaogelea sawa. Macho ilisaidia masikio."

Muzee aliipenda sana habari hiyo. Akaanza kutembea amekazia macho kitu kimoja mbele: paa, bendera, na mara moja kofia ya polisi, ambaye hakupendezwa.

Siku ya harusi kwaya ilipoanza, nikaona Muzee anaanza kupepesuka tena. Akatafuta mwangaza. Mbele alisimama bwana harusi, Janvier, amevaa suti inayometameta kuliko taa zote za kanisa. Muzee alikuwa ameichukia suti ile tangu aione. Sasa akaikodolea macho, akanyoosha moja kwa moja mpaka madhabahuni, na kina mama wakapiga vigelegele.

Ila mkono wa binti hakuuachilia.

"Papa, achilia," Uwitonze akanong'ona.

"Mawe ingali inazunguka."

Uwitonze akamtazama. Macho ya baba yake yalikuwa yametulia kabisa, yamejaa machozi tu. Mimi niliyekuja kucheka nilikuwa nalia kama mtoto.

"Basi, papa, tushikane kidogo tena."

Mchungaji akafunga Biblia, akangoja.