Shule Iliyoletwa na Gari la Samaki

Kabla sijachagua masomo nilikuwa nimeshagombana na karibu kila aliyenishauri. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ile ya vita haikunipunguzia. Nilikuwa na kazi mbili hapa Rumonge, kando ya ziwa. Asubuhi nilianika ndagala, wale samaki wadogo ambao mume wangu na wenzake waliwavua usiku kwa taa. Mchana nilifundisha darasa la pili, kwa sababu mwalimu wake alikuwa amekimbilia Tanzania, na mimi nilikuwa nimesoma sekondari kidogo. Juu ya hayo kulikuwa na watoto watatu.

Darasa lile nililipenda. Nasema wazi, nililipenda kuliko samaki. Basi siku direkta wa shule aliponiambia kwamba inspekta hataki tena walimu wasio na diplome, yaani cheti cha ualimu, na kwamba nisipofaulu mtihani wa ualimu kabla ya mwaka mpya nafasi yangu atapewa mwingine, niliitikia kwa adabu, kisha nikaenda kulia chooni. Nilipomaliza kulia nikaanza kutafuta masomo.

Shule ya kwanza ilikuwa Bujumbura, kila Jumamosi. Siku hizo magari ya barabara ya kando ya ziwa yalingojana ili yasindikizwe na askari, na mara nyingine yalingoja mpaka abiria wakarudi nyumbani kulala. Shemeji yangu, mkazi wa huko, alishikilia kwamba hiyo ndiyo shule ya kweli kwa kuwa ina mwalimu anayesimama mbele ya watu. Nikamuuliza kama mwalimu huyo atasimama na kwenye mazishi yangu. Tukanuniana.

Ya pili ilikuwa ya Ulaya, kwa posta. Karatasi zake ziling'aa, na juu kulikuwa na picha ya mwanamke anayesoma bustanini, miguu juu ya kiti, kikombe mkononi. Mume wangu aliipenda mno akaibandika ukutani. Walitaka jina la mtaa, namba ya nyumba na namba ya simu. Sisi tulijulikana kama nyumba ya nyuma ya msikiti, ukishampita muuza mawese. Nilimtazama yule mwanamke siku nyingi, nikijiuliza nani anamgeuzia samaki wake.

Ya tatu ilikuwa ya kituo kidogo cha Bujumbura kilichotuma masomo yake kwa madereva wa magari ya samaki. Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba, wino umefifia, na vilinuka jinsi unavyodhani. Mume wangu aliuliza picha iko wapi. Lakini mtihani ulifanyiwa hapahapa mjini, na mwanafunzi alijichagulia tarehe. Hapo ndipo waliponipata. Kwetu mwezi ukiwa mweupe taa za wavuvi hazivuti ndagala, mitumbwi hulala ufukweni, na sisi wanawake tunasukana nywele na kuhudhuria harusi. Nikachagua tarehe ya mbalamwezi, na nikajisifu soko zima.

Vita havikujali mbalamwezi yangu. Barabara ilifungwa, karatasi za mtihani zikakwama, na askari wakawazuia wavuvi kuingia ziwani usiku. Tulikula mihogo mpaka watoto wakaacha kuuliza kuna nini. Kisha vyote vikafunguliwa kwa pamoja, tena wakati wa giza. Mtihani ukapangwa asubuhi ileile ambayo mitumbwi ilirudi imejaa kwa mara ya kwanza. Ndagala wasipoanikwa na kugeuzwa mapema, jioni wameoza. Na mtihani mwingine haukuwapo mpaka darasa langu liwe limeshachukuliwa.

Mume wangu alisema niende, yeye ataanika. Nilimwangalia: alikuwa amesimama huku amelala. Basi nikainama na nguo zangu za mtihani, nikaanza kumwaga samaki mchangani, nikilia kwa hasira.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye miaka yote alianika kando yangu bila maneno mengi, alikuja akaninyang'anya beseni.

"Leo weye uko muzazi," akasema. "Muzazi hageuzake ndagala. Enda ukazale hiyo diplome yako, sisi tuko."

Huku kwetu mwanamke akijifungua, majirani humwanikia samaki wake mpaka atoke ndani. Haombi, na hakuna anayelipwa. Ila hakuna aliyewahi kujifungua mtihani. Wengine walitazamana, mmoja akacheka, kisha wote wakainama juu ya samaki wangu, nami nikatimua mbio.

Niliporudi samaki walikuwa wamekauka. Lakini mzazi ni mzazi, nikafukuzwa mchangani wiki nzima. Waliniletea uji wa pilipili, na mmoja alitaka kunifunga tumbo kwa kitenge. Mume wangu alipewa hongera sokoni, akazipokea bila haya. Asubuhi hizo nilijiandaa kwa sehemu ya mwisho ya mtihani, somo la majaribio mbele ya inspekta, na uji niliunywa wote.

Matokeo yalikuja na gari la samaki. Direkta aliyasoma mlangoni mwa darasa: nimefaulu, nabaki. Nilifurahi hata nikamkumbatia, jambo ambalo sisi wawili hatujalizungumza tena.

Nikaipeleka diplome ufukweni kumwonyesha yule mama. Alijifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo masomo yako, inapokeaka na mutu mwenye hajue kusoma?"

Miaka yote ile nilikuwa nimempigia kelele za shemeji, za posta na za inspekta, na sikuwahi kumuuliza yeye lolote. Niliona aibu, na papo hapo nikaona furaha. Nikamwambia inapokea, ila achague mwenyewe saa inayomfaa.

Alifikiri kidogo, kama mtu mwenye shughuli nyingi, akasema itamfaa asubuhi, samaki wakishageuzwa mara ya kwanza. Walikuwa wameshageuzwa. Tukalainisha mchanga kati ya mafungu yetu mawili ya samaki, nikaandika jina lake.