Lori Lililoendeshwa Mezani

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nasema uongo. Mwaka wa mafuriko mimi nilikuwa bado natembeza sindano na vitana huko mbali, na daraja lilipokatika nilikwama ng'ambo. Ni mwaka uliofuata, kuta za nyumba ya dada yangu zikiwa bado na alama ya maji usawa wa goti, na shemeji akiapa kila siku kwamba kesho atapaka rangi. Alama ile ipo mpaka leo.

Huyo shemeji ndiye ninayetaka kumsimulia. Ni mume wa dada yangu, na mtaa mzima unamwita Dereva, ingawa wakati huo alikuwa hajashika usukani wa lori miaka kadhaa. Jicho lake la kulia liliingia ukungu, daktari akamwambia gari sasa basi. Akarudisha funguo kwa tajiri wake, akarudi nyumbani na kitu kimoja tu kutoka ndani ya lori: mto wake wa kukalia, ambao ulikwisha kuchukua umbo lake. Akauweka kwenye kiti cha sebuleni. Nikamwambia, "Hongera shemeji, umepandishwa cheo, sasa wewe ni dereva wa kiti." Akanijibu, "Na wewe uliyezunguka dunia kwa miguu huna leseni hata ya viatu." Ndivyo tulivyokuwa. Mashemeji wasipotaniana, watu huuliza kuna nini.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na binti huyo alipenda vyuma tangu anatambaa. Kompyuta iliyokuwa pale sebuleni aliiunga mwenyewe akiwa shule, kwa vipande vya kompyuta zilizotupwa na ofisi fulani. Ubavuni aliandika kwa msumari: USIGUSE. Dada yangu akaifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, akaivika, maana nyumbani kwake kitu kisichovikwa kitambaa ni kitu kisichoheshimiwa. Redio ina chake, makochi yana vyake. Nilikuwa namwambia, "Dada, nikilala sana mchana utanivika na mimi." Anasema, "Wewe kaka, uzi wako nimeshaununua."

Kilichowagawanya baba na binti ni lori. Binti alimaliza shule, akasema anataka kuendesha lori kama baba. Baba akasema haiwezekani, barabara ile anaijua yeye, haina adabu kwa mwanamume, sembuse kwa mtoto wake wa kike. Maneno yakapanda. Binti akafunga mzigo wake, akaenda nchi ya mbali, na huko akaendesha lori lile lile alilokatazwa. Tangu hapo hawakusemezana. Dada yangu akawa bomba, maneno yanapita kwake. Huku: "Mwambie mwanao." Kule: "Mwambie baba."

Lakini kulikuwa na gemu.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitalieleza nilivyoliona. Ni gemu la malori. Unakaa mbele ya kioo na barabara inakujia, milima, mvua, kona, na mtu aliye mbali anaweza kuwa kwenye barabara hiyo hiyo saa hiyo hiyo, unaona mgongo wa lori lake. Siku moja ulifika mzigo kutoka kwa binti, ndani mna usukani wa plastiki na pedali. Hakuandika ni wa nani. Dada akauweka mezani, akaenda jikoni. Aliporudi, Dereva alikuwa ameshaufunga kwenye ubao wa meza na mto wake uko chini yake.

Ikawa kila Jumamosi alasiri wanaendesha pamoja, binti mbele, baba nyuma. Kipaza sauti kilikuwepo, wote wawili walikizima. Walisemezana kwa taa. Wenye malori wana lugha yao: wa mbele akiwasha taa ya kulia, anamwambia wa nyuma, kaa hapo hapo, mbele kuna hatari. Akiwasha ya kushoto, anasema njia nyeupe, pita. Lugha hiyo Dereva alimfundisha binti yake akiwa amempakata, kabla mtoto hajajua herufi. Na mimi nasema, kuna nyumba watu wanaongea mchana kutwa na hawajaambiana mengi kama yale.

Sasa gemu lile lilikuwa kila mara linaongezewa mambo, na kompyuta ilikuwa ile ile. Ikaanza kuchoka. Picha inakwama kama mtu aliyesahau anachotaka kusema, kisha inaruka. Jumamosi moja binti aliwasha taa ya kulia kwenye mteremko, Dereva akapita hivyo hivyo, akamsukuma korongoni. Jumamosi nyingine tena. Jioni hiyo dada alipokea ujumbe kwenye simu, akausoma akiwa amesimama mlangoni.

"Anasema mwambie baba, wiki ijayo tunashuka ule mteremko mrefu. Anasema akinisukuma tena, nitajua anafanya makusudi. Sitaendesha naye tena."

"Makusudi!" Dereva akasema. "Kompyuta imekwama, mimi nifanye nini? Mwambie imekwama."

"Nimemwambia. Anasema ulivyokuwa hunisikii wakati ule, kompyuta ilikuwa imekwama pia?"

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku, na kuku hatuna.

Ikabaki wiki moja ya kuamua: kompyuta ile iongezewe nguvu, au inunuliwe nyingine. Na hapo ndipo shemeji alipoanza kunishangaza. Mtu huyu, alipokuwa barabarani, alikuwa na sheria yake: gari likizidi kuomba spea, liuze kabla halijakuuza wewe. Nilidhani atakwenda dukani siku hiyo hiyo. Hakwenda. Kesho yake hakwenda. Dada akimuuliza, anasema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, ameziba jicho la kushoto kwa kiganja, anatazama alama ya maji ukutani kwa lile la kulia.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona ukuta."

"Na alama?"

Akasema, "Shemeji, tuseme imetengenezwa. Tuseme picha inapita kama maji. Halafu nikamgonga tena?"

Hapo nikaelewa. Hakuogopa kompyuta iwe mbovu, aliogopa iwe nzima. Ikiwa mbovu, lawama ni ya chuma. Ikiwa nzima na yeye bado haioni taa kwa wakati, basi ni jicho.

"Kompyuta ina duka," akasema. "Jicho langu nitalipeleka duka gani?"

Nilitaka kumtania, utani ukakataa kutoka. Nikamwambia, "Vaa viatu twende."

Dukani muuzaji alikuwa mcheshi, ana maneno matamu kuliko bidhaa. Akatuonyesha kompyuta mpya, nyembamba, inang'aa, akasema na ile kuukuu atatuondolea aibu, aichukue yeye. Dereva akamwomba aweke lile gemu. Kijasho kikamtoka muuzaji, lakini akaliweka. Lori likatokea kwenye kioo, likasogea kidogo, likakwama. Likaruka. Likakwama.

"Hii ni ya kazi za ofisi, mzee wangu," muuzaji akasema.

"Na kuendesha si kazi?"

Ile iliyoweza gemu ilikuwa juu kwenye rafu, ina taa za rangi kama duka la peremende, na bei yake nilipoiona nilisoma tena nikidhani ni namba ya simu. Tukatoka.

Tukamleta nyumbani fundi wa mtaa, anayeitwa Fufua kwa sababu hakuna redio iliyokufa akakubali kuizika. Akakivua kile kitambaa, akafungua ubavu ulioandikwa USIGUSE. Vumbi lililotoka, dada alisema angeweza kupanda mchicha. Fufua akachungulia, akapulizia, akagongagonga.

"Akili yake bado nzuri," akasema. "Aliyeiunga alijua anachofanya. Inataka kumbukumbu zaidi, na kadi ya picha yenye nguvu. Lakini mzee nisikufiche, hiki kigawa umeme ni cha zamani. Kikishindwa kuibeba kadi mpya, kinaweza kuungua na kuondoka na ubao wote. Hapo huna ya zamani wala ya mpya."

"Ungekuwa wewe?" Dereva akauliza.

"Ningekuwa mimi ningejaribu. Lakini si mimi ninayesubiriwa Jumamosi." Mtaa wetu hauna siri. Kisha akasema, "Na hiki nini?" Akanyoosha kidole. Ndani kabisa, diski ilikuwa imeshikiliwa si kwa skurubu bali kwa kibanio cha nywele, kimekunjwa vizuri, cheusi, kama vile anavyobana msichana wa shule. "Nitakitoa, niweke skurubu."

Dereva akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Akasema, "Hicho kiache. Mengine yote badilisha."

Basi uamuzi ukawa huo. Kadi ilikuja siku ya Ijumaa, imetumika kwa mtu mwingine, ndefu kuliko nafasi yake, Fufua akalazimika kukata bati la ndani kwa msumeno huku dada ameziba masikio. Akaiwasha. Sote tukarudi nyuma hatua, mimi nikiwa nyuma ya kochi. Haikuungua. Feni zikalia, kioo kikawaka, na barabara ikaja safi, mpaka majani ya kando unayaona yakitikisika. Fufua akacheka. Dada akapiga vigelegele. Dereva peke yake hakucheka. Sasa hakuwa na cha kusingizia.

Jumamosi alasiri alikaa kwenye mto wake, ameoga, amevaa shati la safari. Dada naye, kwa kuipa siku heshima yake, alikuwa amefua kile kitambaa, akakitia wanga, akakipiga pasi, akaivika kompyuta mpaka chini, maua yamekaa sawasawa pande zote. Ilipendeza. Hakuna kati yetu aliyefikiri lolote.

Lori la binti likatokea mbele. Wakaondoka. Kilima cha kwanza kikapita vizuri, kijiji, daraja, mvua. Picha inateleza kama mafuta. Nikaanza kupumua. Dada amesimama nyuma ya kiti, ameshika ncha ya kanga, anaisokota. Wakafika kileleni pa mteremko ule mrefu, wakaanza kushuka.

Ndipo nikasikia feni. Zilianza kulia juu, zaidi, kama nyuki waliochokozwa. Picha ikakwama kidogo. Ikaendelea. Ikakwama tena.

"Hapana," Dereva akasema. "Hapana, hapana."

Lori la binti likawa karibu, likaruka likawa mbali, likaruka likawa karibu zaidi. Dereva anakanyaga breki ya plastiki mpaka meza inasogea. "Sioni! Ni yenyewe au ni mimi? Mama, ni yenyewe au ni mimi?"

"Ni yenyewe, baba, na mimi naona imekwama!" dada akamjibu.

Nilipeleka mkono kuishika ile meza isisogee, kiganja kikagusa kitambaa. Kilikuwa cha moto kama mkate. Ile heshima yote, ule wanga, ilikuwa imeziba matundu pande zote, kompyuta inapumua ndani ya shuka. Wakati wa vumbi na nguvu ndogo labda ilivumilia. Kwa kadi ile mpya, ilikuwa inajipika. Nikakivuta kitambaa kwa nguvu, chombo cha kalamu kikaanguka, dada akapiga kelele, "Kaka!" Hewa moto ikanipiga usoni.

Tukangoja. Feni zikalia, zikalia. Kisha zikaanza kushuka.

Picha ikafunguka. Na mgongo wa lori la binti ulikuwa pale pale mbele ya pua yetu, taa ya kulia inawaka, inazima, inawaka. Usipite. Dereva akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaegemea nyuma kwenye kiti kama lori ni la kweli. Likasimama kabla tu ya kumgusa. Upande wa pili likapita lori la mafuta, refu, likatikisa kioo kizima.

Dada alikuwa analia, au anacheka, kwa dada yangu ni vigumu kujua.

Wakaendelea kushuka polepole. Mteremko ukaisha, barabara ikanyooka, tambarare, tupu mpaka upeo wa macho. Na hapo binti akawasha taa ya kushoto. Niliiona mimi, niliyeishia darasa la nne. Ya kushoto: njia nyeupe, baba, pita. Ikawaka muda mrefu. Dereva hakupita. Alikaa nyuma yake, mikono miwili kwenye usukani, mwendo ule ule, mpaka walipofika mwisho wa safari na kuegesha ubavu kwa ubavu.

Kwenye simu ya dada ukaingia ujumbe. Akausoma, akamtazama mumewe, safari hii hakusoma kwa sauti, akampa simu ausome mwenyewe. Aliishika karibu sana na uso. Kisha akanyoosha mkono, akawasha kipaza sauti, na sisi wawili tukatoka kwenda jikoni bila kuitwa.

Wanaendesha mpaka leo. Kitambaa kimehamia juu ya kabati. Kompyuta inakaa uchi, imeandikwa USIGUSE, na kibanio kiko ndani. Lakini mimi ni mtu wa kuulizauliza, na siku ile ile, alipotoka nje kuvuta hewa akiwa na macho mekundu, nilimsogelea taratibu nikamuuliza, na nimemuuliza tena mara nyingi, na kila mara anaokota kitu chini au ananiambia nimwite dada.

Shemeji, ile taa ya kushoto, uliiona?