Baba Mkwe Amekaa Mlangoni mwa Gari Letu

Admin, jina langu lifiche, maana watu wa Mwanjelwa wakinijua nitahama mji.

Nina miaka 29, ni Mhehe wa Kilolo, nimeolewa na Mnyakyusa, fundi wa kuchomelea magari hapa Mbeya. Nina mimba ya kwanza, mwezi wa tisa huu.

Mwaka jana mume wangu alinunua gari la kulala la mzungu mmoja, lilimfia pale Igawa. Limenizidi umri. Lina kitanda nyuma, jiko, sinki, makabati ya mbao. Alipolifufua, hata maharusi walikuja kupiga nalo picha. Sisemi uongo, na mimi nilipagawa, mapazia nilishona mwenyewe. Tukaacha chumba cha kupanga, tukahamia humo kiwanjani kwetu tukisubiri kujenga.

Kisha baba mkwe akaja kuishi kwa shemeji yangu, jirani tu. Enzi zake aliendesha malori ya Zambia. Siku ya kwanza alipokaa kwenye usukani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo kila asubuhi yuko pale, anapapasa gia na kuimba nyimbo za kanisani. Mlango wa gari ni mmoja, uko ubavuni pake. Na kwao mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamsemeshi wala hamtazami. Wengine wameshalegeza, mzee wangu bado, na mwanawe yuko upande wake.

Basi mume akienda gereji, mimi nimefungwa nyuma ya pazia. Mzee hana ubaya, anadhani nimetoka kwenda sokoni. Asubuhi ya kwanza niliona aibu hata kukohoa, nikanyamaza. Sasa nitaanzaje? Haja ndogo natumia kopo, kimya kimya kama mwizi. Juzi nilijaribu dirisha la nyuma, tumbo likakwama, jirani ndiye aliyenisukuma kurudi ndani huku anacheka. Nililia sana siku ile.

Nilimwomba mume wangu atoboe mlango nyuma. Mtu anayekata magari ya watu kila siku! Akanijibu, "Hili silikati. Likishakatwa linakuwa gari lingine."

Nikamwambia basi amwombe mzee akae nje. Akainama.

"Tangu mama afariki sijamwona akicheka, ila humo garini. Wewe ungemtoa?"

Namsikia mzee akicheka peke yake pale mbele na moyo unalainika. Halafu namchukia. Halafu najichukia mwenyewe.

Nikirudi Kilolo kujifungulia kwa mama, watasema nimekimbia ndoa. Nikimpita mzee, mume ameshaniambia hatanisamehe.

Hapa ninapoandika nimekaa kitandani, mzee yuko mbele anaimba. Tangu alfajiri kiuno kinabana na kuachia, kinabana na kuachia. Mume hapokei simu. Nyie mliozaa, na nyie mlioolewa Unyakyusani, nishaurini upesi, nifanye nini?