Mboga za Mahameni

Apolinaria hakuwahi kununua mboga. Tangu alipoolewa na Anton pale Ikumbo, kijiji kilichokuwa kando ya njia ya zamani ya misafara kaskazini ya Tabora, alilima bustani nyuma ya nyumba kama mama yake alivyomfundisha. Mgagani, mlenda, mnavu, maboga: vyote vya asili, kwa mbegu alizozitunza mwenyewe ndani ya vibuyu, zikiwa zimechanganywa na majivu. Takataka hakuzichoma. Majani makavu aliyatandaza juu ya udongo ili unyevu usipotee, na samadi ya mbuzi aliiozesha shimoni. Wadudu walipozidi alitwanga majani ya utupa, akayaloweka, akanyunyizia yale maji. Ua wa minyara ulizunguka kila kitu, na hata mwezi wa kumi, jua likipasua ardhi, nyumba yake haikukosa kitoweo.

Mwaka wa sabini na nne, mavuno yalipokwisha, mgambo walikuja na malori. Watu wote walitakiwa kuhamia kijiji kipya kwenye barabara ya Nzega. Waliong'ang'ania nyumba zao walishuhudia paa zikiezuliwa. Apolinaria aliwahi kubeba sufuria, mikeka na binti yake Pelagia. Vibuyu vya mbegu vikabaki. Garini, baba mdogo wa Anton, mzee Modest, hakuonekana. Ilisemekana alitoroka alfajiri. Anton hakuuliza neno, akamtazama mkewe kwa namna ya kumwambia naye asiulize.

Kijiji kipya kilikuwa cheupe. Miti ilikuwa imekatwa yote, nyumba zimepangwa mistari, na upepo ukivuma vumbi lilitua ndani ya chakula. Mvua haikuja. Watu walikula ugali kwa chumvi, na Pelagia akaanza kuvimba miguu. Ndipo Apolinaria akajifunga kanga kiunoni, akaaga kwamba anakwenda kutafuta kuni, akarudi Ikumbo.

Majani yalikuwa yamemeza njia. Nyumba zisizo na paa zilimkodolea macho. Alipoufikia ua wake alisimama: bustani ilikuwa ya kijani. Udongo ulikuwa umelowa, na majani makavu yalitandazwa juu yake vilevile kama alivyozoea kuyatandaza yeye.

"Uko peke yako?" Sauti ilitoka nyuma ya minyara.

Apolinaria alipiga goti. "Shikamoo, baba. Niko peke yangu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Modest alijitokeza, amekonda, jembe mkononi. "Kaka yangu amezikwa hapa. Siwezi kumwachia fisi. Chuma mboga, chukua na mbegu zako, mtoto ale. Lakini hukuniona."

"Hata Anton nisimwambie?"

"Anton ni damu yangu, lakini ni mwoga. Mwoga akibanwa husema."

Tangu hapo alikwenda kila alipoweza, na miguu ya Pelagia ikanywea. Harufu ya mgagani unaochemka haifichiki, hasa pale ambapo vyungu vya wengine ni vitupu. Siku moja mchana, Wenceslaus, balozi wao wa nyumba kumi, alipiga hodi chakula kikiwa mkekani. Mgeni hafukuzwi, alikaribishwa. Alikula polepole, kisha akaliinua jani moja kwenye mwanga.

"Mama Pelagia, mboga hii imelimwa wapi?"

"Nimeichuma porini, ndugu balozi."

"Porini." Aliligeuza lile jani. "Halina hata tundu moja la mdudu. Pori hilo lina mwenyewe."

Akacheka, akanawa, akashukuru kwa chakula.

Siku iliyofuata Apolinaria aliamka akiwa amekusudia kwenda kumwonya mzee, lakini asubuhi hiyo kila mtu aliitwa shamba la ujamaa, na majina yakasomwa. Mgambo walikuwa wachache kuliko kawaida. Jua lilipofika utosini, moshi ulipanda upande wa Ikumbo, mweusi, mzito. Watu waliutazama, wakaendelea kulima. Apolinaria naye akaendelea.

Anton alisogea hadi karibu yake. "Kuna mtu kule?"

Alishindwa kusema uongo. Aliinamisha kichwa. "Baba mdogo."

Anton alilaza jembe chini. Mbele ya macho ya wote, bila kukimbia, aliuacha mstari na kuufuata moshi. Mgambo mmoja alimwita kwa jina mara kadhaa. Hakugeuka.

Alirudi kesho yake, nywele zimejaa majivu. "Kila kitu kimeungua," alisema. "Yeye sikumwona. Wala mifupa."

Mgambo walimchukua kumhoji, akarejea akiwa na meno pungufu, na habari ile haikutajwa tena nyumbani mwao. Nani aliwasha moto, hakuna aliyesema. Mzee Modest hakusikika popote, si Nzega, si Tabora.

Mvua zilipofika, Apolinaria alizika mbegu zake nyuma ya nyumba mpya, na udongo ule mbishi ukalainika mwaka hata mwaka kwa samadi na majani. Wenceslaus alipenda mgagani wake. Kila wiki alipita, akasimama uani, akasifia. Apolinaria alimchumia fungu, akampa kwa mikono miwili, kisha akabaki mlangoni akimtazama mpaka apotee.