Upinde Ambao Sikuuvua

Vifaa vyetu vya kuwinda havikulala nyumbani hata siku moja. Mshale wenye sumu hauwekwi pamoja na watoto, hilo kila mtu analielewa. Lakini hata chungu cha porini, kamba za mitego, kibuyu cha maji na makatambuga ya kukanyagia miiba vilibaki hukohuko kwenye majabali, mashariki ya Bunda, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Palikuwa na pango kavu ambalo mdomo wake ulitazama upande wa ziwa. Tuliliita stoo, kwa kuiga stoo ya pamba, na tulikuwa tukicheka kwamba ya kwetu haina karani wala mizani.

Stoo ile ilikuwa na sheria yake. Ukirudi kutoka kuwinda, kabla hujanywa maji, unavua upinde wako: unatoa ugwe, ile kamba ya kano, unaukunja ndani ya podo pamoja na mishale, kisha unauegemeza upinde mahali pako ukiwa umenyooka. Upinde uliovuliwa maana yake mwenyewe amerudi. Ukikutwa umevikwa ugwe, mwenyewe bado yuko porini, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuugusa ugwe huo. Akifa, ndugu yake wa tumbo moja ndiye anayeuvua, na msiba unaanza siku hiyo. Na kama upinde utapasuka wenyewe kabla haujavuliwa, basi tena. Hakuna cha kuvua, na mtu huyo atahesabiwa yuko safarini milele.

Tuliwinda wawili, mimi na kaka yangu, kila kiangazi baada ya kuvuna pamba. Mwaka ule tulioambiwa wote tuhamie vijijini, kaka alimchoma nyumbu mmoja alasiri, nyumbu akakimbia na mshale. Kaka akaniambia nitangulie na nyama tuliyokwisha kausha, yeye atamfuata huyo mmoja na kunikuta stoo. Nikatangulia. Hakunikuta stoo wala mahali pengine popote.

Tulimtafuta siku tano, mimi na baba mkubwa pamoja na wanaume wengine wa ukoo. Tulichopata ni upinde tu, umeegemezwa kwenye mgunga, umevikwa ugwe wake, kama mtu aliyeuweka aende haja akirudi auchukue. Hapakuwa na damu, nguo wala alama ya mnyama. Vitu vya mwindaji haviingii nyumbani kabla yake, kwa hiyo tuliubeba mpaka stoo na baba mkubwa akauegemeza mahali pa kaka. Halafu akanitazama. Wote wakanitazama. Nikasema tungoje mwezi mmoja.

Niliogopa, niseme wazi. Mkono wangu ndio ungemuua, hivyo ndivyo nilivyoona, na sikutaka kumuua kaka yangu. Baba mkubwa hakubishana nami. Aliniambia tu kwamba mwezi una mwisho.

Huku nyuma tulihamishwa. Tuliacha maboma yetu tukapelekwa kando ya barabara ya Musoma, na viwanja vikagawiwa kwa mistari iliyonyooka. Shemeji yangu, mke wa kaka, hakupata kiwanja. Karani alimuuliza kama ana mume. Kama anaye, mume aje achukue kiwanja chake. Kama ni mjane, apewe kwa jina lake mwenyewe. Shemeji hakuweza kujibu lolote kati ya hayo mawili, akaandikiwa "mume safarini". Yeye na watoto wake wawili wakawa wanalala jikoni kwa mke wangu, kwenye moshi, miguu yao karibu na mafiga.

Nilirudi stoo peke yangu mwezi wa pili tangu kaka apotee. Nilifika mchana, jua kali, na kabla sijaingia nilisikia mvumo mwembamba ukitoka ndani. Ulikuwa ugwe wa kaka. Upepo wa ziwani uliingia pangoni na ugwe uliokazwa ukawa unavuma, ukinyamaza kila upepo uliponyamaza. Nilipoingia nilikuta sakafu imefagiliwa. Upinde ulikuwa unang'aa kwa mafuta, mafuta mabichi, yakabaki kwenye vidole vyangu nilipougusa mti wake. Nikainua kibuyu nikakikuta kimejaa maji, na mimi mwenyewe ndiye niliyekiacha kitupu. Niliita jina la kaka mara moja, kwa sauti ya chini, na nashukuru hakuna aliyejibu, maana miguu yangu tayari ilikuwa nje.

Nilishuka mbio mpaka nyumbani nikamkuta shemeji anapepeta mtama.

"Shemeji," nikamwambia, "mtu wako yupo."

Nikamweleza yote. Ni nani mwingine angepaka upinde wa mwindaji mafuta isipokuwa mwenyewe? Nikamwambia huenda amejificha kwa sababu ya bwana nyama anayekamata wawindaji, au ameona hili la kuhamishwa akalikataa. Aliacha kupepeta. Akauliza kama nimeuvua upinde. Nikamjibu kwa kiburi kwamba upinde wa mtu aliye hai hauvuliwi. Akainamia ungo wake akaendelea na kazi. Nilidhani ni furaha iliyomnyamazisha.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta. Nilikwenda Musoma, nikazunguka Kigera nyumba kwa nyumba kwa sababu mtu mmoja alisema amemwona huko. Nilikwenda Kiriba kumtazama mshona nyavu aliyesemekana kutembea kama yeye, nikakuta ni mzee asiye na meno. Nilikwenda Butiama kwa wajomba zetu, wakanipa ugali na pole. Kila nikirudi napita stoo, na kila nikipita nakuta pamefagiliwa, upinde una mafuta, ugwe unavuma. Nikaanza kumwachia tumbaku kwenye jiwe. Haikuguswa. Mtu mwenye akili angejiuliza, maana kaka alipenda tumbaku kuliko nyama. Mimi nikasema ameacha.

Na kila mara nilimpelekea shemeji habari: mtu wako yupo, vumilia. Viangazi viwili vilipita hivyo. Mvua za masika zilipenya paa la jiko, mtoto wake mdogo akaugua kifua. Alipona, lakini mke wangu aliacha kunisemesha kwa muda.

Kiangazi cha tatu nilipanda majabali adhuhuri, nikasikia kufagia. Si mvumo, bali ufagio hasa, ukikwaruza mwamba. Pimbi walikuwa wamenyamaza. Nilisimama pale chini jasho likinikauka mgongoni, nikaita, "Kaka."

Ufagio ukanyamaza. Aliyetokea mdomoni mwa pango ni shemeji, ufagio wa matawi mkono mmoja, kopo la samli mkono wa pili.

Nilikasirika. Nilimuuliza amekuja kufanya nini mahali pa wanaume, na kwa nini amenichezea miaka yote hii. Alikaa juu ya jiwe akanijibu taratibu.

"Nilikuwaga nakuja kila mwezi, naaga naenda kuni. Upinde ukikauka unapasuka, shemeji. Ukipasuka hakuna wa kuuvua tena, na mimi nabaki hivi, si mke si mjane, mpaka nife jikoni kwenu. Nilikuwa nautunza mpaka mkono wako ufike."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mke akisema vua, mnasema ndiye amemuua. Nilingoja useme wewe. Wewe kila ukirudi, mtu wako yupo."

Nilitamani jabali linifunike. Kila tone la samli lile lilikuwa ombi, na mimi nimelisoma kinyume, nikamfunga kwa kitu kilekile alichokitunza ili kimfungue. Kwa kutafuta la kusema nilimuuliza na maji ya kibuyu aliyapandisha vipi peke yake. Akageuka akakitazama kibuyu pale ukutani.

"Hicho nilidhani ni wewe," alisema.

Hatukukigusa, wala hatukukizungumza tena.

Nikaingia. Nikaushika upinde wa kaka, nikaukandamiza kwa goti mpaka ugwe ulegee, nikautoa kwenye ncha. Mvumo ukakatika. Nikatoka na ugwe mkononi nikamwambia maneno niliyopaswa kumwambia zamani, kwamba kaka amekufa. Shemeji alijifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti kubwa, akimwita mumewe, kilio cha miaka miwili na zaidi.

Nilirudi ndani niuegemeze upinde mahali pake, umenyooka, kama sheria ilivyotaka. Haukunyooka. Ulikuwa umekazwa muda mrefu mno, ukabaki umejikunja vilevile, kana kwamba ugwe bado upo. Niliukandamiza kwenye goti, nikaurudia mara ya pili na ya tatu, na kila nikiuachia ulirudi kwenye mkunjo wake. Mwishowe niliuegemeza hivyohivyo, nikaenda kukaa kando ya shemeji.