Fundi Cherehani na Ukoo wa Ruthu

Fundi cherehani alikuwa mjane, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele: cherehani mbili, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja vimerundikwa hadi dirishani. Jumapili alifundisha darasa la kina mama kanisani, na huko alipenda hasa zile habari ambazo wahubiri huzipita mbio mbio.

Mwanawe wa pekee alipomleta mchumba, muuguzi aliyelelewa kwenye kituo cha yatima, mama alimpenda siku hiyo hiyo. Aliyekuja juu ni shemeji, kaka wa marehemu mumewe, karani mstaafu aliyejipa kazi ya kutunza ukoo. Alikuwa ameuchora kwenye karatasi ngumu, vizazi saba, kwa wino wa rangi mbili. Akaitisha kikao, akasema hawezi kumwandika mtu asiye na kwao.

Fundi hakubishana. Alimalizia kwanza pindo la gauni la mteja, kisha akasema kwa upole kwamba kuna ukoo wa mwanamke fulani ameufuatilia, na angependa wausikie.

"Haya, tueleze," shemeji akasema, akashika kalamu.

Akaeleza. Mwanamke huyo ni wa taifa ambalo wenyeji hawakutaka hata kulisikia. Mwanzilishi wa taifa hilo alizaliwa na binti aliyemlewesha baba yake mzazi pangoni, akapata mimba kwake. Na mwanamke mwenyewe alikwisha kuolewa, mume akafa, akawa anaokota masazo ya mavuno kwenye mashamba ya watu.

Shemeji aliitupa kalamu kama imemuunguza. Akaapa kwamba damu ya namna hiyo haiingii katika ukoo wowote wenye heshima.

"Umechelewa, shemeji," fundi akasema. "Ilishaingia. Huyo ni Ruthu, Mmoabu. Ndiye aliyemzaa babu yake mfalme Daudi."

Shangazi mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Shemeji akanung'unika kwamba ametegwa, na kwamba hao ni watu wa Biblia. Ndipo fundi akaiinamia ile karatasi, akaweka kidole penye kizazi cha tatu, palipoandikwa "mke" tu.

"Na huyu alitoka kwa nani?"

Shemeji hakujua. Jambo hilo lilimnyima raha hadi akapanda basi kwenda kumuuliza bibi mmoja wa ukoo, mwenye miaka tisini na kumbukumbu zote. Aliporudi baada ya siku tatu alikuwa mpole ajabu. Yule "mke" alimtoroka mume wa kwanza, akaja na mtoto mgongoni. Na mtoto huyo, ambaye hakuna aliyejua kama baba yake ni mume huyo au mwingine, ndiye babu yao wote.

Shemeji alimweleza fundi hayo kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, akaomba yasivuke kizingiti. Fundi akakubali, akachukua futi na kumpima suti ya kuvaa harusini kwa mwanawe. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi mbili, lakini siku hiyo alimhurumia, hakusema neno.